Fundi, ninunue shokapu mpya?

SWALI: Shikamoo fundi. Baiskeli yangu ya mlimani ni ya gia 21, ya bei ya chini. Kila Jumapili naenda nayo Irente, kule kwenye genge la mlimani, kwa njia ya vumbi. Nikishuka, shokapu ya mbele inagonga "ko!", na juzi ekseli ya nyuma imepinda kwa mara ya pili. Ninunue shokapu?
Msomaji, Lushoto

JIBU: Marahaba, kijana. Shokapu iache kwanza. Hiyo yako ni springi tupu, na nzuri inaweza kukaribia bei ya baiskeli nzima. Tena nyingi za siku hizi shingo yake imenenepa chini, haiingii kwenye fremu ya zamani.

Ugonjwa uko nyuma. Frii yako, yaani lile fungu la gia za nyuma, imekazwa kwa kuzungushwa juu ya habu (kitovu cha ringi), kwa hiyo beringi ya upande wa cheni imekaa ndani, mbali na fremu. Kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila mhimili. Ukiruka jiwe, kinapinda. Hata ukiweka ekseli kumi, zitapinda. Tafuta ringi yenye habu ya kaseti (gia zake huchomekwa, hazikazwi kwa kuzungushwa), hata ya mtumba, ambayo beringi yake iko pembeni kabisa. Pima kwanza nafasi ya fremu nyuma. Mara nyingi ni milimita 135. Frii yako haitaingia humo, weka kaseti ya gia 7; idadi ya gia za nyuma itabaki ileile.

Tairi nazo usizijaze zikawa jiwe. Weka tairi za upana wa inchi 2.1, upepo pauni 30 hivi.

Halafu osha shingo ya fremu, uiangalie juani. Ukiona ufa mwembamba kama unywele kwenye welding, baiskeli hiyo usiipande tena, si Irente wala sokoni.