Ndimu haidanganyi: marbri, graniti au kwatsi jikoni?

*Swali: Jambo fundi. Mwaka jana nilijengesha meza ya jikoni nyumbani kwangu Bel-Air, hapa Lubumbashi. Muuzaji aliniapia kwamba ni graniti nyeusi, jiwe la maisha. Sasa karibu na sinki kuna madoa meupe, mengine ya duara kama kitako cha glasi. Nimeyasugua kwa sabuni na majivu, wapi! Kijana mmoja anayepita na chupa zake anasema atayatoa kwa asidi, kisha apake mafuta ya kung'arisha. Shemeji yangu anasema ning'oe yote niweke kwatsi. Nimsikilize nani?*

Mama, usimsikilize yeyote kwanza. Hayo si madoa.

Doa ni kitu kigeni kilichoingia kwenye jiwe. Hapo kwako hakuna kilichoingia. Jiwe lenyewe limepungua. Fumba macho, pitisha ukucha polepole kutoka penye kung'aa hadi penye weupe. Ukisikia mkwaruzo mdogo, kama kioo kilichopigwa msasa, basi pameliwa. Aliyekula ni ndimu ya samaki, nyanya iliyokatwa ikaachwa, siki. Sabuni hairudishi kilicholiwa, hata usugue hadi Krismasi.

Marbri ni kalsiamu kabonati, ukoo mmoja na chokaa, na asidi yoyote huila. Sisi wa Lubumbashi mfano tunao mkononi: malakiti, lile jiwe la kijani. Ile nayo ni kabonati, ya shaba, na ndiyo maana wachongaji wetu huigeuza vibao vya sataranji na visahani vya majivu bila taabu kubwa. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs malakiti ina 3.5 hadi 4. Marbri ina 3 tu! Graniti iko kati ya 6 na 7, na ndimu haiigusi.

Kinachonichosha, na ninakikuta karibu kila jiko ninaloitwa, ni imani kwamba jiwe likishang'aa limekwisha kuwa gumu. Mng'aro ni kazi ya mashine. Hata malakiti hung'aa. Na kwa kuwa mjini hapa kila jiwe linalong'aa tunaliita marbri, muuzaji huchagua jina litakalolipa siku hiyo. Jiwe lako huenda ni marbri nyeusi. Au ni jiwe la kijivu lililopakwa rangi, yapo. Chovya kitambaa cheupe kwenye asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, usugue pembeni. Kitambaa kikitoka cheusi, ulinunua rangi. Kikibaki cheupe, dondoshea ndimu sehemu isiyoonekana, ungoje robo saa, ufute. Pakififia, ni marbri.

Ikiwa ni marbri, usiing'oe. Tafuta fundi mwenye pedi za almasi na maji, aisugue meza yote iwe butu, ising'ae. Ndimu itaendelea kula, lakini kwenye jiwe butu alama hazionekani sana. Nyanya ikatiwe kwenye ubao.

Kwatsi ya shemeji si jiwe lililochimbwa likiwa zima. Ni madini ya kwatsi yaliyosagwa, kwa uzito kama asilimia 90 au zaidi, yakagandishwa kwa resini, aina ya gundi ya plastiki. Ndimu haiiwezi, hapo shemeji amesema kweli. Ila resini huogopa moto: kuanzia nyuzi 150 hivi inaweza kubadilika rangi au kupasuka. Umeme ukikatika, unapika kwenye mbabula, lile jiko la makaa. Sufuria ya mafuta ya kukaangia samaki hufika nyuzi 180, na ukiitoa kwenye makala utaiweka wapi? Graniti ya kweli ingeivumilia. Makaro, yaani vigae, nayo yangeivumilia, na bei yake ni ya chini; tatizo ni viungo vya simenti vinavyokunywa mawese hadi vinakuwa vya manjano. Chukua makaro makubwa, viungo viwe vichache.

Halafu kuna jambo ambalo shemeji halioni, kwa sababu hufanyika nje ya geti. Vijana wanakata kwatsi kwa mashine ya mkono, kavu, kitambaa puani, wamekuwa weupe kama waliotoka kwenye kinu cha unga. Vumbi lile la silika, yaani kwatsi yenyewe, huingia kwenye mapafu na kuyatia makovu, na ugonjwa wake hauna dawa ya kuuponya. Australia imepiga marufuku kwatsi ya namna hii tangu tarehe 1 Julai 2024. Mji wa wachimbaji kama wetu haukupaswa kufundishwa habari za vumbi la mawe. Hata graniti ikatwe kwa maji. Fundi akikuambia maji yanamchelewesha, mwache aende.

Tukirudi kwa kijana wa chupa: asidi yake ni ndugu mkubwa wa ile ndimu. Itakula meza yote kwa usawa, na utaona kweli madoa yamepotea, kwa kuwa kila mahali pamekuwa doa. Mvuke wake utatia kutu sinki na bomba. Mafuta atakayopaka yataficha uharibifu kwa wiki chache, naye atakuwa mtaa mwingine.

Akirudi, mpe kipande kilichobaki chini ya sinki, adondoshee nje uani, wewe ukisimama mbali. Povu likichemka, mrudishie chupa yake.