Mafao ya marehemu na mnufaika aliye mtoto

SWALI: Kaka yangu alifariki akiwa bado mwajiriwa, na katika fomu ya mfuko wa akiba ya uzeeni alimwandika binti yake wa miaka 9 kuwa mnufaika pekee. Mwajiri anakataa kumlipa mtoto. Je, mimi kama baba yake mdogo naweza kupokea?

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Umri haumnyimi binti haki yake. Kinachokwamisha ni saini, kwa kuwa stakabadhi iliyosainiwa na mtoto kwa kawaida haimlindi mlipaji iwapo atadaiwa tena baadaye. Itazameni upya ile fomu, hasa mstari wa chini ya jina la mtoto, ambapo mara nyingi huachwa nafasi ya jina la mlezi. Kama marehemu aliijaza, anzeni na huyo. Ikiwa iko tupu, mzazi aliye hai kwa kawaida hutangulia, na asipokuwepo, itawabidi kuiomba mahakama imteue mlezi wa mali ya mtoto, kwani undugu peke yake hautoshi. Mtahitaji cheti cha kifo na cheti cha kuzaliwa cha binti.

Jambo linalonigusa zaidi ni hili: yeyote atakayepokea, hata akiwa mama mzazi, amepewa amana wala si urithi wake. Ombeni fedha ziingizwe kwenye akaunti yenye jina la binti, na kila ada au matibabu yanayolipwa humo yatunziwe risiti hadi afikie utu uzima.