Maswali ya Wasomaji: Chupa Imejaa Vijinzi, Maembe Yamejaa Funza

SWALI: Assalamu alaykum, Bwana Shamba. Nina miembe miwili ya ngowe nyuma ya nyumba huku Kisauni, na kila msimu maembe huharibiwa na funza kabla hatujayala. Jirani alinielekeza nitundike chupa zenye siki, sukari na maganda ya nanasi. Chupa hujaa vijinzi, lakini nikikata embe, funza wamo vilevile. Dawa sitaki kupiga, kwa kuwa watoto hucheza chini ya miti hiyo. Kasoro iko wapi? (Mama wa Kisauni)

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Mtego wako unanasa vizuri, ila unamnasa asiyehusika. Vijinzi hivyo vyenye macho mekundu, ambavyo urefu wake ni kama milimita 3, hufuata harufu ya tunda lililokwisha kuchacha, wala haviwezi kutoboa ngozi ya embe zima. Anayekutia hasara ni nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, Bactrocera dorsalis kwa jina la kitaalamu, aliyegunduliwa hapa Kenya mwaka 2003. Huyu hukaribia ukubwa wa nzi wa nyumbani, kiuno chake ni chembamba, na mgongoni ana mistari ya manjano. Jike hutaga mayai chini ya ngozi ya embe linaloanza kukomaa, na mara nyingi pale alipotoboa utaona kitone cha utomvu.

Jike huyo huhitaji protini ili mayai yake yakomae, na hapo ndipo pa kumtegea. Chukua vijiko viwili vikubwa vya hamira, uvichemshe kwa dakika chache katika vikombe viwili vya maji, kisha uache vipoe. Usiache kuichemsha wala usitie sukari, kwa sababu hamira mbichi ikikutana na sukari huchacha, nawe utarudi kwenye vijinzi vyako. Ongeza matone machache ya sabuni ya vyombo ili nzi akitua azame. Mimina kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, uliyoitoboa matundu manne ya upana wa penseli karibu na shingo, uitundike kivulini ndani ya matawi, pasipo majani yanayoziba matundu. Badilisha chambo kila wiki, na uanze maembe yakiwa bado madogo, usingoje yaive. Chambo hiki cha nyumbani hakifikii nguvu ya kile kinachotengenezwa kiwandani, lakini kwa miti miwili kinafaa kujaribiwa.

Ule mtego wa agroveti wenye harufu ya methili eujenoli huvuta madume peke yake. Majani ya tulsi yaliyopondwa, ule mrehani ambao jirani zetu Wahindi huupanda kwenye vyungu, yana kemikali hiyohiyo, nawe unaweza kuyatia katika chupa ya pili. Lakini usishangae ukinasa madume tele na bado maembe yakatobolewa, maana jike aliyekwisha kupandwa hana haja tena na dume.

Kamba ya kutundikia ipake grisi, la sivyo wale chungu waitwao maji moto watateremka kula nzi wako. Hata hivyo, usiwachome moto chungu hao wala kuvunja viota vyao vya majani: mwembe wenye maji moto nzi huuogopa, na mimi ningevumilia kuumwa siku ya kuchuma kuliko kuwakosa.

Mtego peke yake hautoshi ikiwa maembe yaliyoanguka yanaozea chini ya mti. Funza hutoka humo, hujichimbia kwenye udongo sentimita chache tu, na baada ya siku kama kumi hutoka nzi wapya. Okota kila siku, uyatie kwenye ndoo kuukuu yenye kifuniko kinachokaza, uiache juani hadi funza wote wafe, au uyafukie kwenye shimo ambalo litabaki na nusu mita ya udongo juu yake. Kuyatupa kwenye jaa la mtaa ni kumhamishia jirani nzi, naye atakurudishia. Tena, ngowe zikishakomaa zichume zingali ngumu, uzivundike ndani.

SWALI: Bilinganya na pilipili zangu hapa Likoni zimejaa nzi weupe. Je, kuna mtego usiohitaji chupa? (Msomaji wa Likoni)

JIBU: Upo. Nzi weupe huvutwa na rangi ya manjano iliyokoza. Paka rangi hiyo kipande cha ubao au kopo la mafuta ya kupikia, lipake vaselini au grisi juu yake, ulichomeke kwenye kijiti usawa wa ncha za mimea, kisha tikisa mimea asubuhi ili waruke. Likijaa, lifute upake upya. Watakaonasa ni wale wenye mabawa tu, kwa hiyo watoto wao walioganda chini ya majani waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, jioni jua likipungua. Pilipili zikianza kutoa maua mengi, ondoa mitego kwa muda, kwa sababu rangi hiyo huvuta pia nyuki na nyigu wadogo wanaokula wadudu waharibifu.