Riwaya gani iwe namba wani?

SUALI: Mhariri, sie hapa Wete tunabishana barazani mpaka kahawa inapoa, riwaya inayopendwa kuliko zote ipi? Mie nasema Vuta N'kuvute, wenzangu wananambia ati naipendea filamu tu. Na Abdulrazak Gurnah je, yule mwandishi wetu aliyepata Nobel, tumtie, na vitabu vyake kaandika Kiingereza?
Msomaji, Wete

JIBU: Filamu ya 2021, kitabu cha 1999, waambie watulie. Yule Yasmin kuozwa Bwana Raza, mtu wa umri wa babake, kisha akamkimbia, hayo peke yake yatosha kukukesha. Lakini mie namba wani naipa Kuli, ya Adam Shafi, huyo huyo aliyeandika Vuta N'kuvute, khasa pale bandarini na ule mgomo wa 1948, makuli wanabeba mizigo mpaka migongo inachunika na mshahara wenyewe haufiki popote, kuna watakaosema siasa imezidi, shauri yao. Utengano ya Said Ahmed Mohamed iingie bila ya ubishi. Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake msimsahau jamani, Mzimu wa Watu wa Kale ni ya 1960 na bado inasomeka. Gurnah mtieni, riwaya yake Peponi imeshatoka kwa Kiswahili tangu 2022, sasa mnangoja nini?