Maswali yenu: Kuhama jiji kwenda mji wa watalii

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wa umri wa kufanya kazi, waliochoka na foleni na kodi za jiji, wanaotaka kuhamia pale walipozoea kwenda likizo.

Tulikaa wiki mbili kwenye mji wa ufukweni, tukaupenda sana. Tununue nyumba sasa kabla bei hazijapanda?

Hapana. Pangeni nyumba ya kukodi kwanza, tena pangeni watalii wakiwa wameondoka. Swali hili nimelijibu mara nyingi na bado linakuja na haraka ileile, haraka ambayo aghalabu imetiwa na dalali. Likizoni hamkuamka kuwahi kikao, hamkufua, hamkuhangaika kutafuta fundi bomba. Nendeni mkaishi pale mvua inaponyesha wiki nzima, nusu ya mikahawa imefungwa na safari za boti zimepunguzwa. Fanyeni kazi saa zenu zote, pikeni wenyewe, halafu jioni mwone mna nani wa kuzungumza naye. Mkipapenda hata hivyo, ndipo tuzungumze habari ya kununua.

Intaneti ya huko inatosha kufanyia kazi?

Huko wapi? Mji hukuutaja. Ipime mwenyewe, ndani ya nyumba utakayokaa, saa mbili usiku, msimu wa watalii ukiwa umepamba moto.

Bosi wangu hajali nakaa wapi, ilimradi kazi iishe. Kuna haja ya kumwambia nahamia kisiwa cha nchi nyingine?

Ipo, na akubali kwa maandishi. Wengi mnakariri siku 183, yaani kukaa ugenini chini ya siku hizo kwa mwaka, kana kwamba ni kinga. Nchi nyingi hutumia hesabu hiyo kuamua nani alipe kodi ya mapato kwao, lakini haziishii hapo: huangalia pia familia yako inaishi wapi na makazi yako ya kudumu yako wapi. Mwajiri naye anaweza kudaiwa kodi na michango ya hifadhi ya jamii kwa sababu yako. Usitegemee viza ya utalii kufanyia kazi. Estonia ilianzisha viza maalumu ya wanaofanya kazi kwa mtandao mwaka 2020, na Ureno ikafuata mwaka 2022, ikitaka kipato kisichopungua mara nne ya kima cha chini cha mshahara wake.

Tena usidhani ruhusa ya leo ni ya kudumu. Amazon iliwataka wafanyakazi wake wa ofisini warudi siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025. Jiulize utafanya nini ukipokea barua kama hiyo ilhali nyumba ya jijini umeshaiuza.

Nimepata kazi hotelini kwenye mji wa milimani. Mshahara mzuri, ila nyumba sipati. Meneja anasema nianze tu, nyumba itapatikana mbele ya safari.

Usisaini. Hili nataka kila msomaji alielewe, hata asiyeuliza: katika miji hii nyumba ni adimu kuliko kazi. Nyumba iliyokuwa ya mpishi au muuguzi humwingizia mwenyewe fedha nyingi zaidi akiwapangisha wageni wa siku mbili tatu. Kwenye visiwa vya Ugiriki kama Santorini, walimu na madaktari wanaopelekwa kazini huko wanahangaika kupata hata chumba. Jackson, Wyoming, ni moja ya sehemu tajiri kabisa Marekani, lakini wafanyakazi wake wengi hawamudu kuishi hapo. Wanalala ng'ambo ya mlima, jimbo la Idaho, na kuvuka Teton Pass, barabara ya mlimani, kwenda kazini. Juni 2024 kipande cha barabara hiyo kiliporomoka. Kwa takriban wiki tatu, hadi njia ya muda ilipofunguliwa, watu wale walizunguka njia ndefu, wakitumia zaidi ya saa nzima juu ya safari yao ya kawaida, kwenda kuosha vyombo na kutandika vitanda vya wengine. Hiyo ni aibu, na inaepukika. Whistler, Kanada, iliunda mamlaka yake ya nyumba mwaka 1997 na imejiwekea lengo la angalau asilimia 75 ya wafanyakazi kuishi mjini humo humo.

Wewe mwambie meneja aiandike nyumba kwenye mkataba: chumba mnalala wangapi, kodi ya nyumba inakatwaje, na unaruhusiwa kubaki siku ngapi ukiachishwa kazi. Kipengele hicho cha mwisho wengi hawakisomi, wakaja kujikuta nje na mabegi yao siku ileile kazi ilipokwisha.

Wenyeji wanatulaumu kwamba tumepandisha kodi za nyumba. Familia moja ina kosa gani?

Kuishi pale mwaka mzima si kosa. Kinachoumiza ni nyumba zinazofungwa miezi kumi: shule inakosa watoto, duka linafunga, na bei zinapanda vilevile. Uswisi walipiga kura Machi 2012 nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 katika kila manispaa. St Ives, Uingereza, wakazi walikubaliana mwaka 2016 kwamba nyumba mpya ziwe makazi makuu ya watakaoishi humo. Hawa wanataka majirani, basi kuweni majirani. Mkiwa na chumba cha ziada, mpangisheni mfanyakazi wa mwaka mzima, si mgeni wa wikendi. Watoto wasome shule ya pale pale. Na kwenye mikutano ya mji sikilizeni kwanza kabla hamjaanza kulalamikia kelele.

Nifungue mkahawa?

Kama akiba yako haiwezi kulipa mishahara na pango miezi yote isiyo na watalii, usifungue.

Nina ujauzito wa miezi mitano. Tuhame kabla mtoto hajazaliwa?

Uliza hospitali ipi ya karibu inafanya upasuaji wa uzazi usiku wa manane, na utafikaje huko barabara ikifungwa au bahari ikichafuka. Waulize wakunga, usiulize ofisi ya utalii. Kama jibu linategemea hali ya hewa, jifungulie jijini, mhame mtoto akishapata chanjo za mwanzo.