Mwanangu, kuhusu ule msalaba wa shaba

Mwanangu,

Umeniuliza kama ni kweli babu yangu alipewa ule msalaba wa shaba wa sebuleni na Mwami Msiri mwenyewe, yule mfalme wa Wayeke wa Katanga, mkono kwa mkono, kule Bunkeya, makao yake makuu. Mkono kwa mkono, hapana. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na babu alikuwa akituambia kwamba alizaliwa mwaka reli ilipofika Élisabethville (Lubumbashi ya leo), yaani 1910. Labda baba yake. Hata huyo, sina haraka ya kumkubali.

Msalaba wenyewe naamini ni wa zamani. Upande mmoja umekwaruzika na una alama za mapovu, kwa sababu wafuaji walimimina shaba kwenye umbo lililo wazi juu, ikapoa hewani. Hii inayouzwa kwa wageni mjini hung'aa pande zote mbili. Lakini shaba haisemi umri wake. Misalaba ya makaburi ya Sanga, kule bonde la Upemba, ilijulikana ni ya karne nyingi kwa sababu ilikutwa pamoja na mifupa na vyungu. Wetu ulitoka kwenye sanduku la nguo. (Na mwambie dada yako aache kuusugua kwa ndimu!)

Basi msalaba nimeuacha, nikaanza kuichunguza hadithi: ilizaliwa lini? Shangazi yangu wa Likasi, aliyemtangulia baba kuzaliwa, anasema tangu utotoni alisikia ulikuwa sehemu ya mahari ya mama yake babu. Si ajabu, misalaba hii ilikuwa pesa, watu walioa nayo. Kwake Msiri hayumo kabisa. Msiri nilimsikia kwa baba tu, na baba alikuwa kijana wakati wa Katanga ya Tshombe, ilipojitenga na Kongo, 1960 hadi 1963: misalaba mitatu kwenye bendera, msalaba kwenye sarafu, na Munongo wa ukoo wa Msiri ndiye waziri wa mambo ya ndani. Miaka ile, nani mwenye msalaba nyumbani angeridhika kusema ni wa mahari tu? Nadhani hapo ndipo Mwami alipoingia sebuleni kwetu.

Ukija likizo tupitie Likasi kwanza. Mrekodi shangazi kwa simu, umwache aongee apendavyo, na usimtajie Msiri mpaka amtaje mwenyewe.

Baba yako,
Katuba, Lubumbashi