Ukiandika int, umeandika biti ngapi?

Ukiandika `int` kwenye lugha ya C, hujasema nambari yako ina upana gani. Umesema tu kwamba ni nambari kamili ya kadiri inayoifaa mashine hii. Kwenye Arduino Uno, bodi ndogo ya kujengea vifaa yenye chipu ya ATmega328P, hizo ni biti 16, kuanzia -32,768 hadi 32,767. Chukua faili hiyo hiyo uipeleke kwenye ESP32, bodi nyingine yenye nguvu zaidi, au kompyuta ya mezani, zinakuwa biti 32, na kilele chake ni 2,147,483,647. Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) za pande zote zinaikubali bila kunung'unika.

Kwa hivyo vijana wanaokuja kwetu kufanya atachimenti hapa Mombasa huwaambia jambo moja kabla ya mengine yote: nambari itakayohifadhiwa, itakayotumwa mahali, au itakayohesabu siku nenda siku rudi, itajie upana wake wewe mwenyewe. Andika `uint32_t` (biti 32, bila hasi), andika `int16_t` (biti 16, pamoja na hasi). Zilizobaki ziache zilivyo. Hilo la kuziacha nitalirudia baadaye, maana wapo wanaoupokea ushauri huu kwa pupa.

Uhuru huu wa `int` haukuja kwa bahati mbaya. C ilizaliwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikalelewa kwenye PDP-11, mashine ya biti 16, na nia ilikuwa `int` iwe saizi ambayo mashine inaimudu kwa wepesi. Hadi leo kanuni za lugha zinaahidi kima cha chini tu: `int` isipungue biti 16, `long` isipungue 32, `long long` isipungue 64. Juu ya hapo kila mtengenezaji na lake. Ni kama pishi za zamani sokoni, jina moja lakini ujazo wategemea umeingia duka la nani. Toleo la C99, la mwaka 1999, ndilo lililoleta `stdint.h`, na ndani yake aina ambazo upana wake umeandikwa kwenye jina. Visual Studio ya Microsoft haikuwa nayo hadi toleo la 2010, na msimbo wa zamani wa Windows umejaa majina ya kienyeji kama `DWORD`.

Sasa tuje kwenye maji. Mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha Kisauni alituletea mita aliyotengenezewa na kijana wa mtaani. Kihisi chake ni kile cheusi cha plastiki, YF-S201, kinachotoa takriban mipigo 450 kwa kila lita inayopita. Shida yake aliieleza kwa ufupi: "Mwanangu, hii mita yasema maji yarudi bombani." Tukaifunga kwenye mfereji, tukaanza kujaza mitungi ya lita 20. Wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu sawa. Wa nne ulipopita nusu, kioo kikaruka kutoka 72 hadi -72.

Gawanya 32,767 kwa 450 utapata 72.8. Kijana aliandika `int mipigo` akaijaribu kwenye ESP32, ambako ingehitaji karibu lita milioni 4.8 kufika ukingoni. Bodi ile ilipoungua akaweka Uno aliyokuwa nayo, akabadilisha nambari za pini, akaupitisha msimbo kwenye kompaila, ikakubali. Kwa `uint32_t` kihesabio kile kinabeba mipigo 4,294,967,295, yaani zaidi ya lita milioni 9.5, sawa na maboza 954 ya lita 10,000. Bomba litakuwa limeoza kabla ya hapo.

Lakini usifunge kisanduku bado. Kwenye ESP32 kubadilisha aina peke yake kungetosha, kwenye Uno hakutoshi. ATmega hushika baiti moja, yaani biti nane, kwa wakati, kwa hivyo kusoma `uint32_t` ni hatua nne. Mpigo ukiingia katikati ya hatua hizo, kazi ya ukatizaji (ile inayokatiza programu kila mpigo unapoingia) inaongeza moja, nawe unabaki na baiti mbili za kabla na mbili za baadaye. Mara nyingi hutaona chochote. Siku kihesabio kikiwa 65,535 na kinageuka 65,536, waweza kusoma 131,071. Mita iliyokuwa kwenye lita 145 itakwambia 291, kisha sekunde inayofuata irudi 145 kana kwamba hakuna kitu. Hitilafu ya namna hii ndiyo inayomfanya mtu abadilishe kihisi, abadilishe waya, abadilishe pawa, wala isiondoke. Dawa yake ni kuita `noInterrupts()`, unakili thamani kwenye kigeu kingine, kisha `interrupts()`. Neno `volatile`, linaloiambia kompaila isome thamani upya kila mara, linahitajika, ila halikulindi na hili.

Mtego mwingine uko kwenye hesabu yenyewe. Tazama mstari huu:

`uint32_t muda = 60 * 1000;`

Mtu atasema upana umetajwa, basi yamekwisha. Kumbe kuzidisha kunafanyika kabla ya kuweka, na 60 na 1000 zote mbili ni `int`. Kwenye Uno 60,000 haiingii kwenye biti 16, inageuka -5,536, na hiyo ikitiwa kwenye `uint32_t` inakuwa 4,294,961,760. Ulitaka pampu ipumzike dakika moja. Kwa milisekunde hizo itapumzika siku 49 na ushee. Andika `60UL * 1000` (UL ni `unsigned long`), au `UINT32_C(60) * 1000`, na jambo limekwisha. La kuudhi ni kwamba kompaila ya AVR, jamii ya chipu ya Uno, inaliona kosa hili na iko tayari kukuonya, lakini Arduino IDE, programu ya kuandikia msimbo, huja ikiwa imenyamazisha maonyo yote. Fungua mapendeleo ya programu, pale pa maonyo ya kompaila uchague yote. Fanya hivyo leo.

Hizo siku 49 hazikutoka hewani. `millis()`, saa ya Arduino inayohesabu milisekunde tangu bodi iwashwe, inarudisha biti 32 zisizo na alama ya hasi, na milisekunde 4,294,967,296 ni siku 49.7, baada ya hapo inaanza upya kutoka sifuri. Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia `uint64_t`. Hapa kukimbilia ukubwa kunaharibu. Ukiandika `sasa - awali` na vyote viwili ni `uint32_t`, utoaji unazunguka pamoja na saa na jibu linabaki sahihi hata siku ile ya 49. Ukivitia kwenye biti 64, tofauti inakuwa nambari kubwa ajabu na sharti lako linatimia papo hapo. Wala usidhani ni maradhi ya bodi za bei rahisi: mwaka 2015 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliagiza ndege za Boeing 787 zisiachwe na umeme mfululizo kwa siku 248, kwa sababu kihesabio cha programu kwenye vidhibiti vya jenereta kingefurika. Wewe hesabu mwenyewe biti 31 za sehemu za mia za sekunde ni siku ngapi.

Mpaka hapa tumekaa ndani ya bodi moja. Data ikitoka nje ndipo ubishi unapoanza. Vijana hupenda kuchukua `struct` nzima (kifurushi cha vigeu kadhaa) na kuirusha kwenye waya au kwenye LoRa, redio ya masafa marefu, kama ilivyo. Weka ndani yake `uint8_t` moja kisha `uint32_t` moja: kwenye Uno ni baiti 5, kwenye ESP32 ni baiti 8, kwa sababu kompaila imeongeza baiti tatu tupu ili ile nambari kubwa ikae kwenye anwani inayogawanyika kwa nne. Upana wa kila nambari umelingana, na ujumbe bado haulingani. Mimi huandika baiti moja moja kwa mkono kwenye safu ya `uint8_t`, nikianza na baiti kubwa, kama kanuni za intaneti zilivyo. Ni mistari michache zaidi, na kila upande unajua unachosoma. Ukishikilia `struct`, angalau weka `static_assert` inayokagua ukubwa wake, ili kompaila ikatae badala ya mteja kulalamika.

Kwenye mita za umeme za Modbus (itifaki ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani), zile zinazofungwa kwenye vyumba vya baridi vya samaki, kuna kizungumkuti chake. Rejista ya Modbus ni biti 16, kwa hivyo usomaji wa biti 32 hukaa kwenye rejista mbili, na ipi itangulie hutegemea mtengenezaji. Ukizipindua, 1 inakuwa 65,536. Jaribu na mzigo mdogo unaoujua kabla hujaamini chochote.

Usisahau `char`, aina ya herufi. Kwenye Linux ya x86 (chipu za Intel na AMD) inakubali hasi, kwenye Linux ya ARM, kama ya Raspberry Pi, haikubali. Baiti yenye 200 kwenye kompyuta yako inakuwa -56, kwenye Pi inabaki 200. Ya maandishi iite `char`, ya data iite `uint8_t`.

Kuchapisha nako kuna karaha, na hapa nawaelewa wanaochukia aina hizi. Kwenye `printf`, alama `%d` ni ya `int`, `%ld` ni ya `long`, na `int32_t` yaweza kuwa yoyote kati ya hizo. Waliohama kwenda ESP-IDF (zana rasmi za kuandikia ESP32) toleo la 5 waliliona: kwenye chipu zenye kiini cha Xtensa `uint32_t` ilihama kutoka `unsigned int` kwenda `unsigned long`, na mistari iliyokuwa salama ikaanza kugomewa. Njia rasmi ni `inttypes.h`, uandike `"%" PRIu32`. Inachukiza macho, nakubali. Itumie hivyo hivyo.

Kwa wale wasiogusa bodi, wanaokaa na Windows ofisini na seva ya Linux kwingine, adui wenu ni `long`. Kwenye Windows ya biti 64 bado ni biti 32, kwenye Linux ya biti 64 ni biti 64. Programu inayoandika `long` kwenye faili huku na kuisoma kule itasoma baiti nne mahali pa nane, na kuanzia hapo kila kitu kimesogea. Wanaotoka Java huanguka hapa kwanza, kwa sababu kwao `int` ni 32 na `long` ni 64 popote pale. Wa Go nao wajihadhari, `int` yao inafuata mashine.

Pesa je? Kuhifadhi pesa kwa senti ni jambo jema, lakini senti kwenye `int32_t` zinakwisha shilingi 21,474,836 na senti 47. Kwa duka la vitenge Biashara Street utakaa miaka. Kwa wakala wa kutoa mizigo Kilindini, anayejumlisha ushuru wa makontena kadhaa, nambari hiyo yaweza kuvukwa asubuhi moja. Tumia `int64_t`, na kwenye hifadhidata hakikisha safu ni `BIGINT`, si `INT`, la sivyo umepanua mlango ukaacha kizingiti.

Sasa lile nililoahidi. Msigeuze kila kitu. Nimesoma misimbo ambamo kila kigeu cha kitanzi ni `uint8_t`, eti kubana kumbukumbu, kisha mtu anaandika `for (uint8_t i = 0; i < 256; i++)` na kitanzi hakiishi milele, kwa sababu `i` haifiki 256 kamwe. Kuhesabu hadi kumi hakuhitaji upana kutajwa, `int` inatosha. Ukubwa wa kitu kilicho kwenye kumbukumbu ni kazi ya `size_t`, na anwani ukilazimika kuihifadhi kama nambari, `uintptr_t`. Zipo pia za `int_fast16_t` na wenzake, ambazo kompaila huchagua upana ulio mwepesi kwake; kwenye Linux ya x86 ya biti 64 hiyo "16" ni biti 64 nzima. Ni nzuri ndani ya hesabu. Ukiituma nje, umerudi kwenye `int`. Na kwa anayefanya kazi na chipu za kudhibiti mota za TI (Texas Instruments) za C2000, asishangae kukosa `uint8_t`: baiti ya nyingi kati ya chipu hizo ina biti 16, na C inaruhusu aina za upana kamili zisiwepo pale mashine isipokuwa nazo.

Ukirithi mradi wa mtu, usianze kubadilisha kila `int` unayokutana nayo; utaleta hitilafu mpya kabla hujaziona za zamani. Anza kwenye mipaka: panapoandikwa faili, panapotumwa ujumbe, vihesabio, na nyakati. Kwenye nyakati tafuta sekunde za Unix (zinazohesabiwa tangu mwanzo wa 1970) zilizowekwa kwenye biti 32 zenye alama ya hasi, kwa maana hizo zinafika mwisho tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Kwenye AVR angalia zaidi, kwa sababu `time_t`, aina ya wakati, ya avr-libc (maktaba ya C ya AVR) ni biti 32 zisizo na alama ya hasi na inahesabu kuanzia mwaka 2000, si 1970. Ukiituma kwa seva bila kuongeza 946,684,800, seva itaipokea vizuri tu na kukuandikia kwamba tangi lilijaa miaka 30 iliyopita.

Kisha weka Uno moja mezani hata kama mradi ni wa ESP32. Ile sehemu ya msimbo isiyogusa Wi-Fi wala pini, hesabu na ufungaji wa ujumbe, ipitishe kwenye kompaila kwa bodi zote mbili, maonyo yakiwa wazi.